Kumi, Kumi na Mbili, Kumi na Nne

Boti haina breki. Ukitoka Mbita kwenda Takawiri, nahodha hupunguza moto karibu na ufuo, huinua injini, na mchanga ndio unaosimamisha chombo. Lakini fungua mkoba wa fundi wa hizo injini za Yamaha, halafu fungua wa mwenzake anayebadilisha breki za Probox huko Mbita. Spana ni zile zile: kumi, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na saba. Fundi mmoja anaweza kula pande zote mbili, majini na barabarani. Haikuwa hivyo tangu zamani, na ukiuliza kwa nini iko hivyo sasa, unajikuta unasoma historia ya Kenya kwa milimita.

Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na karakana zake zikaja na kipimo cha Mwingereza. Joseph Whitworth alikuwa amependekeza kipimo kimoja cha nyuzi za bolti mwaka wa 1841, na dola nzima ikakifuata. Shida yake ilikuwa hii: namba kwenye spana ya Whitworth ilitaja unene wa bolti, siyo upana wa kichwa chake. Spana iliyoandikwa nusu inchi haikuwa na mdomo wa nusu inchi hata kidogo. Land Rover za kwanza, za 1948, zilikuja na nati za mfumo huo. Ndiyo maana kujua vifaa kulikuwa siri ya kazi. Kwa macho tu hungeweza kukisia. Ilibidi mtu akuambie.

Na wa kukuambia alikuwa nani? Kwenye gereji za wakoloni na za Wahindi, Mwafrika kwa kawaida alianza kama spana boi. Kazi yake ilikuwa kupitisha vifaa. Fundi yuko chini ya gari, anataja namba, mkono wako unaleta. Mshahara mdogo, matusi mengi, lakini we fikiria: huyo kijana alikuwa anakariri gari zima kwa masikio. Kenneth King, kwenye kitabu chake The African Artisan cha 1977, alifuatilia jinsi ujuzi ulivyotoka karakana za Wahindi Nairobi ukaingia kwa Waafrika waliokwenda kujianzishia kazi nje, juani. Jua kali, literally.

Serikali haikuwapenda. Mwaka wa 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilisema wazi kwamba hawa watu wanazalisha mali, na badala ya kusaidiwa wanasumbuliwa. Mwaka uliofuata Kenyatta akaruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalum ya uchukuzi, na ghafla nchi ikahitaji watu wengi sana wanaojua breki. Ilikuwa hadi 1985 ndipo Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji na kuahidi vibanda. Miaka kumi na tatu baada ya ripoti, na bado ilikuwa ahadi. Mimi naona breki za matatu za miaka hiyo zilibebwa na watu ambao sheria iliwaona kama kero.

Wakati huo inchi zilikuwa zinaondoka. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mara nne miaka ya 1960, na 504 ikaja kuwa gari la safari ndefu, limejaza watu mpaka mlango unalalamika. Mfaransa anatumia milimita, na bolti yake ya kawaida ina kichwa cha 13. Mjapani naye anatumia milimita, lakini bolti ya unene ule ule ameipa kichwa cha 12, na inayofuata 14. Ukikuta seti ya mzee ambayo 13 ndiyo imechakaa kuliko zote, jua alilea watoto kwa Peugeot. Siku hizi 13 ndiyo inayong'aa.

Pande za ziwa, mbuta ndiye aliyesukuma mambo. Biashara ya samaki huyo ilipolipuka miaka ya 1980, injini za Japani ziliongezeka majini na malori ya barafu yakaongezeka kwenye fuo. Miaka hiyo hiyo tuta lilijengwa kuunganisha Mbita na Rusinga, magari yakavuka. Takawiri ilibaki ya boti, lakini spana zake zikawa za Kijapani vilevile.

Sasa wewe uko Rongai au Kisumu, una Vitz, na unataka kubadilisha breki pedi mwenyewe nyumbani. Achana na ile seti ya vipande 100 kwa bei ya chapati. Chuma chake ni laini, kitapanuka mdomo na kula kichwa cha bolti. Nunua chache nzuri: wili spana ya 21, spana za ringi za 12, 14 na 17, jeki, stendi mbili, na klampu. Ringi, siyo ya mdomo wazi, kwa sababu ringi inashika kichwa pande zote. Legeza nati za gurudumu kabla ya kupandisha gari. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee, hata dakika moja. Kaliper ukiitoa, ifunge kwa waya kwenye springi. Ikining'inia kwa paipu yake, unaua paipu.

Kutoa hewa ndiko kunakohitaji watu wawili, na hapo unarudi kwa spana boi. Mmoja ndani anakanyaga, mwingine chini na spana ya 8 au 10. "Pampu. Pampu. Shikilia!" Anafungua, mafuta yanaruka na mapovu, anafunga, ndipo mguu unaachilia. Aliye juu akiachilia mapema, hewa inarudi ndani na mnaanza upya. Mkimaliza, injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Ikizama hadi sakafuni, gari halitoki kwa geti.