Mambo ya Kuzingatia Unapopanga Safari ya Ethiopia

Ethiopia ni miongoni mwa nchi zenye historia kongwe zaidi barani Afrika, na hali yake ya hewa hutofautiana sana kutoka eneo moja hadi jingine. Mwananchi anayepanga safari ya nchi hiyo anashauriwa kuamua kwanza maeneo atakayotembelea, ndipo achague mwezi wa kusafiri, kwa kuwa mwinuko wa ardhi ndio unaoamua zaidi kiwango cha baridi na joto.

Hali ya hewa

Mji mkuu, Addis Ababa, uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake huwa wa baridi hata wakati wa kiangazi. Katika milima ya Simien, ambako kilele cha Ras Dejen hupita mita 4,500, umande huweza kuganda usiku. Kinyume chake, bonde la Danakil liko zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari. Huko Dallol, vipimo vya miaka ya 1960 hadi 1966 vilionesha wastani wa nyuzi joto 34.6 kwa mwaka mzima.

Mvua kubwa za nyanda za juu hunyesha kuanzia Juni hadi Septemba. Kipindi cha Oktoba hadi Januari huwa kikavu na huwafaa wageni wengi. Hata hivyo, maeneo ya kusini hupata mvua kuanzia Machi hadi Mei, na tena Oktoba na Novemba.

Maeneo ya kihistoria

Makanisa 11 ya Lalibela yalichongwa kwenye mwamba. Aksum ina minara ya mawe, ukiwemo wa mita 24 uliochukuliwa na Italia mwaka 1937 na kurejeshwa mwaka 2005. Gondar inajulikana kwa ngome za wafalme, na mji wa Harar, uliozungushiwa ukuta, una misikiti 82. Masalia ya Lucy, yanayokadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 3.2, yaligunduliwa Hadar mwaka 1974.

Usalama

Aksum iko katika jimbo la Tigray, lililopitia vita kuanzia mwaka 2020 hadi mkataba wa amani uliosainiwa Pretoria mwezi Novemba 2022. Lalibela na Gondar ziko Amhara, ambako mapigano mengine yalizuka mwaka 2023. Kwa hiyo, ni muhimu kupata taarifa za karibuni kutoka ubalozini kabla ya kulipia usafiri au malazi.

Tarehe na saa

Kalenda ya Ethiopia ina miezi 13 na iko nyuma kwa miaka saba au minane. Mathalani, mwaka 2018 wa Ethiopia ulianza tarehe 11 Septemba 2025. Msafiri athibitishe kila tarehe ya hoteli au basi imeandikwa kwa kalenda ipi. Kuhusu saa, mzungumzaji wa Kiswahili hatapata taabu, kwani Waethiopia nao huanza kuhesabu saa za mchana kunapopambazuka. Tiketi za ndege, hata hivyo, hufuata saa za kimataifa.

Sikukuu ya Krismasi, tarehe 7 Januari, na ile ya Timkat, tarehe 19 au 20 Januari, huvuta mahujaji wengi. Nafasi za kulala ziwekwe mapema.

Afya na mila

Mwinuko huweza kuleta maumivu ya kichwa na kuishiwa pumzi. Inashauriwa kupumzika siku ya kwanza. Malaria hupatikana zaidi katika maeneo yaliyo chini ya mita 2,000. Wanaotoka katika nchi zenye hatari ya homa ya manjano hutakiwa kuwa na cheti cha chanjo.

Wageni huvua viatu kabla ya kuingia kanisani. Waumini wa Kanisa la Orthodox hufunga Jumatano na Ijumaa, hivyo siku hizo migahawa mingi huandaa vyakula visivyo na nyama wala maziwa.

Masharti ya viza hutegemea uraia. Msafiri ahakikishe pasipoti yake ina uhai wa angalau miezi sita, na athibitishe masharti hayo ubalozini kabla ya kununua tiketi.