Nani Anamfundisha Anayesoma Mbali?

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla sijageukia historia ya elimu, nilikuwa mwalimu kijana wa sekondari mjini Moshi, nikisoma hisabati kwa njia ya masafa. Somo lililonitoa jasho ni kalkulasi ya vigeu vingi. Ile ya kigeu kimoja niliimudu: unachora mstari kwenye karatasi, unaona unapopanda na unaposhuka. Vigeu vikiwa viwili, mstari unageuka kuwa uso wenye milima na mabonde, na karatasi haitoshi tena. Kitabu cha kozi kilisema ipo nukta ambayo mwinamo wake ni sifuri kila upande, ilhali si kilele wala si shimo. Kikaiita nukta ya tandiko, kikatoa kanuni, kikaendelea na mengine. Mimi sikuendelea. Nilikaa kwenye ukurasa huo wiki tatu, na barua niliyoandika chuoni haikujibiwa.

Upweke ule una historia. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilipata hati iliyomruhusu mtu kufanya mitihani ya shahada, isipokuwa ya udaktari, bila kupitia chuo chochote kilichoshirikiana nacho. Hatua hiyo siidharau hata kidogo. Lakini London ilitahini tu; kufundisha hakukuwa juu yake. Pengo hilo likazibwa na biashara. Mwaka 1887 William Briggs alianzisha chuo cha posta cha kuwaandaa watahiniwa hao, na H. G. Wells, kabla hajawa mwandishi mashuhuri, alikuwa miongoni mwa walimu wake. Mwenye ada alipata mwalimu. Asiyekuwa nayo alibaki na silabasi.

Ilichukua zaidi ya karne moja kwa dola ya Uingereza kukubali kwamba kumfundisha mtu huyo ni wajibu wake pia. Harold Wilson alilitoa wazo hadharani mwaka 1963, lakini aliyelipigania serikalini ni Jennie Lee, binti wa mchimba makaa ya mawe wa Uskoti, aliyekataa katakata kuanzisha chuo cha daraja la pili kwa ajili ya wafanyakazi. Chuo Kikuu Huria cha huko kilipata hati Aprili 1969, kikapokea wanafunzi Januari 1971, na hisabati ilikuwa mojawapo ya kozi nne za msingi za mwaka huo. Watu hukumbuka vipindi vyake vya BBC. Kwa maoni yangu nguzo halisi ilikuwa mkufunzi, aliyesahihisha kazi za mwanafunzi na kumweleza alipopotea.

Kwetu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa Sheria Na. 17 ya 1992. Makamu Mkuu wake wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari, alikuwa mtaalamu wa hisabati. Jambo hilo hunijia kila nisikiapo kwamba hisabati haifundishiki kwa masafa. Inafundishika, ilimradi awepo wa kuifundisha. Ndugu zangu mlio maofisini, katika vikao vya elimu nilivyohudhuria nimesikia mara nyingi idadi ya waliodahiliwa. Idadi ya wanafunzi kwa kila mkufunzi sikumbuki kuisikia ikitajwa hata mara moja.

Aliyenitoa kwenye ukurasa ule ni mwalimu mkongwe wa shuleni kwetu. Asubuhi moja, mawingu hayajaufunika mlima, alinitoa nje akaninyooshea kidole nafasi iliyo kati ya Kibo na Mawenzi.

“Kijana, ukitoka Kibo kwenda Mawenzi, pale ndipo chini kabisa. Ukipanda kutoka huku kwetu ukateremkia upande wa Kenya, pale pale ndipo juu kabisa. Haya, niambie: ni kilele au ni bonde?”

Nilikuwa nimepatazama mahali pale kila asubuhi kwa miaka miwili.