Kumtambua Asiyebana kwa Nguvu Zote

Edmé Régnier alitengeneza dainamomita, chombo cha kupimia nguvu za misuli, huko Paris mwishoni mwa karne ya 18. Katika karne ya 20 vipimo vya nguvu za mkono vilitumika pia katika madai ya fidia ya majeruhi, na swali likazuka: je, anayepimwa anabana kwa nguvu zake zote?

Mwaka 1954 Charles Bechtol alieleza matumizi ya dainamomita ambayo mpini wake huwekwa katika nafasi tano. Mkono huwa na nguvu zaidi katika nafasi za katikati, hivyo matokeo yakichorwa hupanda kisha hushuka. Mwaka 1983 Harold Stokes alieleza kuwa mstari uliolala huashiria kujizuia. Mwaka 1989 Hildreth na wenzake waliandika kuhusu kubadilisha mikono harakaharaka: anayejizuia hukosa muda wa kukadiria, na mkono anaodai ni dhaifu huongeza nguvu.

Tafiti zilizofuata zilitia shaka. Maumivu, hofu ya kuumia na udhaifu halisi navyo hulaza mstari, kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi kuthibitisha udanganyifu.