Cesare Beccaria

Cesare Beccaria (15 Machi 1738 – 28 Novemba 1794) alikuwa mwanasheria na mwanafalsafa wa Milano, Italia. Kati ya wanafikra wa Zama za Mwangaza, ni wachache ambao maandishi yao yaligusa sheria za Ulaya kwa haraka kama yake.

Mwaka 1764, akiwa na umri wa miaka 26, alichapisha mjini Livorno, bila kutaja jina lake, kitabu kidogo kuhusu makosa na adhabu. Enzi hizo mahakama nyingi za Ulaya zilimtesa mshtakiwa ili akiri. Beccaria alionyesha ubatili wa desturi hiyo: mateso humwokoa mhalifu mwenye mwili imara na kumtia hatiani mnyonge asiye na kosa. Alisisitiza kwamba kinachozuia uhalifu ni uhakika wa adhabu, si ukali wake. Adhabu ya kifo aliipinga pia, ingawa, kwa bahati mbaya, aliacha mwanya kwa nyakati za machafuko ya dola.

Kanisa Katoliki lilikipiga marufuku kitabu hicho mwaka 1766, mwaka uleule mwandishi Mfaransa Voltaire alipokiandikia ufafanuzi. Malkia Catherine II wa Urusi alichota mengi humo kwa ajili ya maagizo yake ya mwaka 1767 kuhusu utungaji wa sheria. Mnamo 1786 Leopold, mtawala wa Toscana, akiathiriwa na mawazo ya Beccaria, alifuta kabisa adhabu ya kifo katika nchi yake.

Beccaria mwenyewe alibaki Milano, akifundisha uchumi na kuitumikia serikali.