Rwesero: ikulu ambayo mfalme hakuhamia, ikageuka jumba la sanaa

Nyanza ni mji mdogo kusini mwa Rwanda, kama kilomita 90 kutoka Kigali. Umejitenga kidogo na barabara kuu, kwa hiyo ukiwa kwenye basi la kwenda Huye unaweza kuupita bila kujua. Lakini kwa miaka 12, kuanzia 2006 hadi 2018, jumba la taifa la sanaa la Rwanda lilikuwa hapo, juu ya kilima kinachoitwa Rwesero. Siku hizi halipo tena. Katika makala haya tunaeleza lilifikaje, na kwa nini mji ambao umekaa na kitu miaka yote hiyo unaweza kuamka siku moja ukakikosa.

Tuanze na Nyanza yenyewe. Zamani wafalme wa Rwanda, Abami, hawakuwa na makao makuu ya kudumu. Mfalme alihama na watu wake na ng'ombe wake kutoka kilima kimoja hadi kingine. Ni mwaka 1899, wakati wa Mwami Yuhi Musinga, ndipo makao yalipotulia Nyanza. Wajerumani walikuwa wameshaingia, na Musinga alijifunza Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha iliyotumika kuwasiliana na wageni hao. Mwaka 1931 Wabelgiji, waliochukua nchi baada ya Wajerumani, walimwondoa madarakani na kumweka mwanawe, Mutara Rudahigwa.

Rudahigwa alijengewa nyumba ya kisasa mahali panapoitwa Rukari, hapo hapo Nyanza. Miaka ya mwisho ya 1950 ikaanza kujengwa nyingine, kubwa zaidi, kwenye kilima cha Rwesero. Hii ndiyo ingekuwa ikulu yake mpya. Hakuwahi kuhamia. Tarehe 25 Julai 1959 alifariki ghafla mjini Usumbura, ambao sasa ni Bujumbura, na kifo hicho kilizua shaka ambazo mpaka leo Wanyarwanda wanazizungumza. Mdogo wake, Kigeli Ndahindurwa, alirithi kiti, lakini miaka miwili haikuisha kabla ufalme haujaondolewa. Rwanda ikapata uhuru Julai 1962 ikiwa jamhuri, na makao ya serikali yakawa Kigali.

Fikiria hali ya Nyanza hapo. Mji uliokuwa kitovu cha nchi ukabaki bila mfalme na bila serikali. Ikulu ya Rwesero nayo ikabaki bila mwenyewe. Kwa miaka mingi ilitumiwa na mahakama, watu wakaizoea kama sehemu ya kwenda na kesi.

Mwaka 2006 Taasisi ya Makumbusho ya Taifa iliifungua kama jumba la sanaa. Ndani ziliwekwa kazi za wasanii wa Rwanda wa siku hizi: michoro ya rangi, sanamu na kazi za ufinyanzi. Wengi wetu tunapenda kusema makumbusho ni ya vitu vya kale, mikuki na vibuyu. Rwesero haikuwa hivyo. Vitu vya kale vilikuwa na nyumba yao kubwa kule Huye. Rwesero ilikuwa ya wasanii walio hai, na kwa maoni yetu huo ulikuwa uamuzi wa kijasiri: kuchukua jengo la mfalme na kulikabidhi kwa watu wanaochora leo, tena katika mji wa wakulima na wafugaji.

Wasikilizaji wetu wa upande wa Ngara wanaijua sanaa ya Rwanda hata kama hawajafika Nyanza. Ukivuka daraja la Rusumo unaingia wilaya ya Kirehe, na huko ndiko nyumbani kwa imigongo. Hiyo ni michoro inayotengenezwa kwa samadi ya ng'ombe. Samadi huchanganywa na majivu ili kuua harufu na vijidudu, ikabandikwa kwenye ubao kwa matuta yenye pembe na mistari, ikaachwa ikauke, ikasuguliwa na kupakwa rangi. Za asili ni nyeusi, nyeupe na nyekundu. Nyeupe inatoka kwenye udongo mweupe, nyekundu kwenye udongo mwekundu, na nyeusi hutengenezwa kwa utomvu wa mshubiri na majivu ya maganda ya ndizi. Masimulizi yanasema aliyeianzisha ni Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka, aliyetaka kupamba kuta za nyumba yake. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 ilikaribia kupotea kabisa, wakaifufua wanawake kupitia vyama vya ushirika. Leo ubao wa imigongo unauzwa hotelini Kigali kwa bei ambayo mfugaji aliyetoa samadi angeshangaa.

Hapo ndipo tofauti ya duka na jumba la umma inapoonekana. Dukani, mchoro unakaa mpaka mnunuzi aje, kisha unaondoka naye na hutauona tena. Katika jumba la umma, kazi ikishapokelewa inabaki kwa ajili ya watu wote. Mtoto wa shule anaweza kuiona, akarudi mwakani akaiona tena. Anaweza kuona kwamba kuchora ni kazi ya mtu mzima, na kazi hiyo ina heshima.

Lakini umma ni nani? Kazi za Rwesero zilikuwa mali ya taifa, si mali ya Nyanza. Mji ulikuwa mwenyeji tu. Kwa hiyo mwaka 2018 zilipohamishiwa Kigali, hakuna aliyevunja sheria. Zilipelekwa Kanombe, karibu na uwanja wa ndege, kwenye nyumba iliyokuwa ikulu ya Rais Juvénal Habyarimana. Mabaki ya ndege yake, iliyotunguliwa tarehe 6 Aprili 1994, bado yapo kwenye eneo hilo. Sanaa ikatoka ikulu moja ikaingia nyingine.

Sababu si ngumu kuelewa. Wasanii wengi wanaishi Kigali, watalii wanatua Kigali, na wenye fedha za kununua wako Kigali. Msanii anafaidika kazi yake ikionekana na watu wengi. Hata hivyo tunaona hesabu hiyo inamwacha nje mwanafunzi wa Nyanza, ambaye zamani alipanda kilima kwa miguu na sasa anahitaji nauli ya kwenda na kurudi mji mkuu.

Kwa anayepanga safari: Nyanza bado ina ya kuona. Rukari kuna makumbusho ya ikulu, pamoja na nyumba ya kifalme ya kienyeji iliyojengwa upya na ng'ombe wa inyambo wenye pembe ndefu. Mwima kuna makaburi ya Rudahigwa, ya mkewe Rosalie Gicanda aliyeuawa 1994, na ya Kigeli, aliyefia uhamishoni Marekani akazikwa hapo Januari 2017. Kwa michoro, shuka Kigali uende Kanombe. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, hivyo usiogope kuuliza njia. Na kumbuka saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja.