Andazi, Mandazi, Ndazi: Historia ya Jina la Kitafunwa Katika Masisi na Walikale

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza historia ya neno moja la mezani, yaani andazi, kama linavyotamkwa na kama kitafunwa chenyewe kinavyoandaliwa katika wilaya mbili jirani za Kivu ya Kaskazini: Masisi na Walikale. Huenda msomaji akaona kwamba unga uliokandwa na kukaangwa si jambo la kuwashughulisha wanaisimu. Hata hivyo, majina ya vyakula huhifadhi habari ambazo hati za serikali haziziandiki: nani alipita, alipitia njia gani, na nani alijifunza kwake. Katika nchi ambamo matamshi ya mtu yamefanywa mara nyingi kuwa kipimo cha kumkubali au kumfukuza, habari hizo zina uzito wake.

Wilaya hizi mbili zinapakana lakini hazifanani. Masisi ni nchi ya milima na malisho, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 4,700, na lugha zinazosikika humo zaidi ni Kihunde na Kinyarwanda. Walikale ni nchi ya msitu, yenye zaidi ya kilomita za mraba 23,000, na humo husikika Kinyanga, Kikumu, Kirega na Kitembo. Kiswahili ndicho lugha inayoziunganisha pande zote mbili sokoni, kanisani na shuleni, na chai ya asubuhi au ya jioni ni mahali pazuri pa kukisikiliza.

2. Asili ya neno

Asili ya neno ni kitenzi andaa, chenye maana ya kutayarisha, hasa chakula. Kutokana nacho hupatikana mwandazi, yaani mtu mwenye kazi ya kutayarisha vyakula, na andazi, kile kilichotayarishwa. Kamusi ya Madan ya mwaka 1903 na ile ya Johnson ya mwaka 1939 zinalihusisha neno hili na kitenzi hicho. Kwa hiyo maandazi lilikuwa kwanza jina la jumla, lililoweza kuhusu namna nyingi za vyakula vya unga, kabla ya kubanwa maana na kubaki jina la kitafunwa kimoja kinachokaangwa.

Pwani kwenyewe jina si moja. Mombasa na Lamu huwa na mahamri, neno lenye uhusiano na hamira, ambalo asili yake ni Kiarabu na linaeleza jinsi unga unavyoumuliwa. Mahamri ya huko hukandwa kwa tui la nazi, hutiwa iliki, hukatwa pembe tatu, na huliwa kwa mbaazi zilizopikwa kwa nazi. Wakenya wengi hutofautisha mahamri hayo na mandazi ya bara yasiyo na nazi.

Tofauti hii inasaidia kueleza kilichotokea Kivu. Mnazi haukui katika milima ya Masisi, wala iliki si kiungo cha kawaida huko. Mahamri yalifungamana na vitu vya pwani, na yalibaki pwani. Lililosafiri kuelekea bara ni jina la jumla, maandazi, kwa kuwa halikudai nazi wala iliki. Lilidai unga, sukari, maji na mafuta tu.

3. Njia za Kiswahili na njia za unga

Kiswahili kilifika mashariki ya Kongo kwa misafara ya biashara ya karne ya 19. Nyangwe, kando ya mto Lualaba, palikuwa tayari ni soko kubwa Livingstone alipofika hapo mwaka 1871. Baadaye Kasongo pakawa makao ya Tippu Tip. Kutoka huko wafanyabiashara na wafuasi wao, waliojulikana kama Wangwana, walisogea kaskazini na mashariki, hata lugha yao ikaitwa Kingwana. Utawala wao ulivunjwa katika vita vya 1892 hadi 1894 dhidi ya Dola Huru ya Kongo, lakini lugha haikuondoka pamoja nao. Ubelgiji iliikuta na kuitumia katika utawala, na wamisionari waliitumia katika mafundisho. Walikale, iliyo jirani ya Maniema, imekaa karibu na njia hii ya magharibi.

Kukubali kwamba lugha ilipita njia hiyo si kukubali kwamba kitafunwa kilipita pamoja nayo. Ngano ilipandwa na Waarabu wa Unyanyembe, karibu na Tabora, lakini msituni ngano haistawi. Mwenye kula maandazi kila siku ni lazima awe na duka la kununulia unga, na duka hilo lilikuja na uchumi wa kikoloni. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, iliyopewa madaraka juu ya ardhi, na walowezi wakafungua mashamba katika nyanda za juu. Mashamba yalihitaji vibarua. Kuanzia mwaka 1937 hadi 1955 utawala wa Ubelgiji uliwahamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwaweka Masisi, kwa mpango ulioitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda. Ikumbukwe kwamba wasemaji wa Kinyarwanda walikuwako pia Kivu kabla ya mpango huo.

Basi kuna njia mbili. Moja inatoka magharibi, kwenye Lualaba, na imebeba Kiswahili cha Kingwana. Nyingine inatoka mashariki, kwenye Ziwa Kivu, Rwanda na Uganda, na imebeba bidhaa za bandari za Bahari ya Hindi. Masisi imeegemea njia ya mashariki, ilhali Walikale imesimama mahali njia zote mbili zinapokutana.

4. Matamshi

Katika Kiswahili sanifu, kiambishi ma- kikiunganishwa na shina andazi hutoa maandazi, lenye irabu mbili. Katika Kiswahili cha Kivu irabu ndefu za namna hii hufupishwa, na neno husikika mandazi. Aidha, kitenzi andaa si kitenzi cha kila siku katika mazungumzo ya Kivu. Watu husema kupika au kutengeneza. Kwa hiyo msemaji hana kitu cha kumkumbusha kwamba irabu iliyopotea ilikuwa sehemu ya shina. Anaposikia mandazi, sikio lake hukata neno mahali papya: ma- na -ndazi. Akitaka moja, anasema ndazi.

Mabadiliko haya si uzembe wa wasemaji. Ni mchakato uleule uliolifanya neno la Kiarabu kitabu lionekane kuwa na kiambishi ki-, hata wingi wake ukawa vitabu. Kinyarwanda kimefika mbali zaidi: kimelivika neno viambishi vyake, likawa irindazi katika umoja na amandazi katika wingi. Msemaji wa Masisi aliyekuzwa kwa Kinyarwanda anaweza kuichukua irabu ya mwanzo na kuiingiza katika Kiswahili chake, akasema amandazi, na msikilizaji akatambua mara moja lugha ya nyumbani kwake.

Upande wa Walikale kuna jambo jingine. Kilingala, lugha ya jeshi tangu enzi ya ukoloni na lugha yenye nguvu huko Kisangani, kina neno mikate lenye maana ya vitafunwa vidogo vya mviringo vilivyokaangwa. Katika Kiswahili cha Kivu, mukate (linalotamkwa kwa silabi kamili mu-, tofauti na mkate wa sanifu) ni ule wa tanuri. Hivyo neno moja, mikate, linaweza kuwa na maana mbili kwenye meza moja: kwa huyu ni ile ya tanuri, kwa yule ni mandazi. Vivyo hivyo kwa kinywaji chenyewe. Mswahili husema chai, neno lililopita Uajemi na Bara Hindi. Msemaji wa Kilingala husema ti, lililofika kupitia Ulaya, ambako lilipokewa kutoka lahaja za pwani ya kusini ya China kwa njia ya Waholanzi. Maneno haya mawili yalizaliwa China, yakazunguka dunia kwa njia tofauti, yakakutana tena katika msitu wa Walikale.

Kwa waliosoma kuna jina la tatu, beignet la Kifaransa, ambalo husikika benye. Jina hili halionyeshi wilaya, linaonyesha shule.

5. Namna ya kuandaa

Mandazi ya Kivu kwa kawaida ni ya mviringo, hayana tui wala iliki, na utamu wake hutegemea bei ya sukari. Tofauti ya Masisi na Walikale hutokana na kile ambacho ardhi ya kila upande inatoa. Masisi ni nchi ya ng'ombe, na jibini yake inajulikana hadi Kinshasa. Mwenye uwezo huko hunywa chai ya maziwa. Walikale ng'ombe ni wachache, na chai aghalabu huwa ya rangi. Kwa upande mwingine, michikichi inastawi Walikale wala haistawi kwenye milima mirefu ya Masisi. Mawese ya msituni hupanda mlimani, na maharage na viazi vya mlimani huteremka msituni. Andazi lililokaangwa kwa mawese mekundu huwa na rangi na harufu ambayo mafuta ya dukani hayatoi.

Pale unga wa ngano unapokosekana, msitu una jibu lake. Ndizi ni chakula cha zamani cha Wanyanga, na muhogo umeenea kote. Ndizi mbivu zikipondwa na kuchanganywa na unga wa muhogo hukaangika vizuri, kama Waganda wanavyofanya kwa kabalagala yao. Wanaokula huziweka pamoja na chai kama mandazi mengine, bila kuuliza kamusi inasemaje.

Ni muhimu pia kutaja kazi yenyewe. Mandazi hayahitaji tanuri. Sufuria, makaa na unga kidogo vinatosha kumwanzishia mwanamke biashara, na ndiyo sababu kazi hii huonekana haraka katika kambi za waliokimbia vita. Lakini inategemea njia. Madini ya kasiteriti yalipoanza kuchimbwa Bisie, Walikale, mwanzoni mwa miaka ya 2000, barabara zilikuwa mbovu mno hata ndege ndogo kutoka Goma zikawa zinatua barabarani huko Kilambo, zikileta bidhaa za dukani na kurudi na madini. Katika hali hiyo ukubwa wa andazi hupimwa kwa bei ya kuusafirisha unga.

6. Hitimisho

Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, kinasimulia jinsi watu walivyouawa kwenye vivuko vya Yordani kwa kushindwa kutamka Shibolethi. Masisi na Walikale hawahitaji kukumbushwa. Mwezi Machi 1993, mauaji ya wasemaji wa Kinyarwanda yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, kisha vita vikaenea Masisi, na jamii zote zikazika watu wao. Mwaka 2025 vita vilifika tena katika miji mikuu ya wilaya zote mbili. Katika nyakati kama hizo, namna mtu anavyotamka neno huacha kuwa suala la isimu.

Uchunguzi wa neno hili dogo unaonyesha jinsi hoja ya namna hiyo ilivyo dhaifu. Andazi si neno la Kihunde, wala la Kinyanga, wala la Kinyarwanda. Hakuna jamii ya Masisi wala ya Walikale iliyolizaa. Zote zimelipokea, na kila moja imelitengeneza kwa kanuni za lugha yake. Amandazi, ndazi na mikate huonyesha jirani wa mtu na njia iliyomletea unga. Hayaonyeshi ni nani mwenye haki ya kukaa pale alipo.

Mwalimu wa Kiswahili ana wajibu wa kufundisha kwamba katika maandishi sanifu umoja ni andazi na wingi ni maandazi. Lakini kumcheka mwanafunzi asemaye ndazi, au kumnyamazisha asemaye amandazi, ni kuanza darasani kazi ambayo wengine huimaliza kwenye vizuizi vya barabarani. Ingefaa zaidi wanafunzi wa kila upande waulizwe nyumbani kwao wanasemaje, majibu yaandikwe ubaoni, na yafafanuliwe yote kwa pamoja. Huo ungekuwa mwanzo mwema wa kuikusanya msamiati wa mezani wa Kivu, kabla vita na uhamaji havijatawanya wale wanaoujua.