Mtoto Aliyeshushwa Mugongoni

Kila lupango ya Bukavu na ya vijiji vya kandokando inamjua mtoto wa miaka miwili ambaye, mama akianza tu kuzungumza na mgeni, anajitupa chini, anapiga miguu, anamwaga maji ao anamfinya mdogo wake. Watu wanasema: "Huyu iko na kaprisi, mama yake alimdekeza." Wachache wanauliza amebaki na nafasi gani mu nyumba tangu mdogo wake azaliwe. Lakini kilio hicho kiko na historia, na ukurasa wake mmoja mkubwa uliandikwa hapa kwetu Kivu.

Mama wa zamani alimbeba mtoto mugongoni mpaka shambani, alilala naye, tena alimpa ziwa kila mara alipolililia, mchana na usiku, kwa miaka miwili na zaidi. Madaktari wa Ulaya wa wakati wa ukoloni walifundisha kinyume: kunyonyesha kwa masaa yaliyopangwa, na mtoto akilia kabla ya saa yake, aachwe alie.

Mwaka wa 1977 watafiti waliopima damu ya mama wanyonyeshaji wa Kivu walitangaza walichokuta. Mama aliyenyonyesha zaidi ya mara sita kwa siku alibaki na prolaktini nyingi, ile homoni ya maziwa, kwa mwaka mzima na zaidi. Na kunyonyesha mara nyingi namna hiyo kunachelewesha mimba. Basi tufikiri kidogo. Yule msumbufu aliyevuta kikwembe cha mama mara kumi kwa siku alikuwa anachunga kiti chake bila kujua! Kilio chake ndicho kilimchelewesha mdogo wake.

Siku ya kuachishwa ziwa ilifika, na hapo koko alimpokea. Mtoto alilala kwa koko, akala naye mu sahani moja. Alipewa kazi ndogo-ndogo: kuleta kijiti cha moto, kushika kibuyu, kufukuza kuku. Akaanza kuitwa yaya, mkubwa wa mwenzake. Akijitupa chini kwa hasira, watu hawakukusanyika kumzunguka. Koko alibaki pale karibu, akaendelea kuchambua maharagi yake mpaka kilio kipoe, kisha akamwita kwenye kazi kama vile hakuna kilichotokea. Sitaki kupamba mambo: fimbo ilikuwako, kuchekwa kulikuwako, na pilipili iliyopakwa kwenye ziwa ilikuwa ukali kabisa. Ila mtoto aliyeshushwa mugongoni kwa mama alikuta mgongo mwingine unamngojea.

Kisha ikaja nguvu ya serikali. Tangu mwaka 1917 sheria ya mazao ya lazima iliongeza masaa ya shamba. Migodi na mashamba makubwa ya wazungu vilichukua wanaume, na mizigo yao ikabaki kwa wanawake. Kule Katanga, Union Minière ilianza miaka ya 1920 kukalisha wafanyakazi kambini pamoja na bibi na watoto. Watoto walipimwa uzito, walipewa maziwa na uji, na mama walihimizwa kuachisha mapema, maana kampuni ilihitaji vizazi vingi. Tusikatae kwamba watoto wengi waliponeshwa mu kambi zile. Lakini koko alibaki kijijini.

Mwaka 1935 daktari mwanamke, Cicely Williams, aliyefanya kazi Ghana, ambayo wakati ule iliitwa Gold Coast, aliandikia wenzake juu ya ugonjwa uliobeba jina la Kiga: kwashiorkor. Wenyeji walimweleza kwamba ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa nafasi yake wakati mdogo wake anazaliwa. Sisi Kivu tunauita bwaki. Mtaalamu alikuja kujifunza kwa wamama kitu walichokuwa wamekwisha kukitazama zamani: kuvimba miguu kunaanzia kwenye kupoteza ziwa. Hapa kwetu Lwiro, kwenye kituo cha IRSAC, shirika lililoundwa mwaka 1947, madaktari waliufuata ugonjwa huo miaka mingi.

Juu ya nini ninaleta bwaki mu habari ya kaprisi? Juu ya hii: mtoto wa bwaki analia kwa kitu kidogo, anakasirika akiguswa, anasukuma sahani, hataki kucheza. Kwa macho ya haraka anafanana kabisa na mtoto aliyedekezwa. Ni wangapi walipigwa makofi na huku wanakauka kwa kukosa maharagi na sambaza, wanakula bugali wa mihogo tu?

Siku hizi kuna hatari nyingine. Mtoto mgumu, asiyelala, anayejisaidia kitandani, anaitwa ndoki, anafukuzwa. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu anayemshitaki mtoto uchawi. Sheria hiyo iko, lakini lupango nyingi hazijaisikia.

Basi, kabla ya kutamka neno "kaprisi", tubonyeze kwanza miguu ya mtoto: kama kidole kinaacha shimo, apelekwe kituo cha afya siku ile ile. Kama miguu ni mizima na anakula vizuri, tunaweza kufanya kazi ya koko. Koko mwenyewe akiwa mbali, baba iko. Amchukue huyu mkubwa kila jioni wakati mama ananyonyesha mdogo, ampe bakuli la maharagi wachambue pamoja.